Mtaa wa Kumtosha Meju

Nimekuwa dalali wa nyumba hapa Seoul kwa miaka kumi na tisa. Nimewatafutia watu nyumba karibu na shule, karibu na hospitali, karibu na mama mkwe, na mara nyingi zaidi mbali na mama mkwe. Tak Sun-rye ndiye mteja wa kwanza aliyeniambia kwamba hatafuti nyumba.

"Bosi Yeom," alisema, hata kiti hajakikalia, "nyumba nitaizoea yoyote. Wewe nitafutie majirani."

Nyuma yake mlangoni alisimama mbwa wa rangi ya mchanga, mrefu kupita goti langu, sikio moja limesimama na jingine limelala. Nikamwomba amwache nje. Akasema hakuna shida, akatoka naye, tukazungumza mimi nikiwa ndani na yeye kwenye ngazi.

Wakati huo alikuwa na miaka sitini na nne. Alikuja mjini akiwa na kumi na saba kutoka kijiji cha kusini, akaingia karakana ya kushona nguo, akaolewa na mkata vitambaa wa karakana hiyo hiyo, akafiwa naye mapema. Mwanawe, Tae-ik, alimlea kwa cherehani moja, akifupisha suruali za watu na kubadilisha zipu. Kwa miaka ishirini na nane aliishi kilimani kwetu, kwenye vichochoro vyembamba hivi kwamba mtu akinunua jokofu lilipandishwa mgongoni. Kisha mtaa ukapitishwa kubomolewa, yajengwe maghorofa.

Watu walipoanza kuhama waliacha vile ambavyo ghorofani havina pa kukaa: makabati, mitungi ya udongo ya kuchachushia soya, na mbwa. Jirani mmoja wa Sun-rye alimwacha mbwa wake amefungwa mnyororo getini, na ndoo ya maji na mfuko wa chakula, akisema atarudi kumchukua. Sun-rye akamngojea pamoja na mbwa. Siku ya nne akafungua mnyororo. Hakuwahi kufuga mbwa maishani, wala hakuwapenda hasa. Aliniambia kilichomshinda ni ule ukimya wake. Hakubweka hata mara moja. Alikaa tu akiitazama kona ambayo gari lilipotelea. Akampa jina la Meju, ambalo ni lile donge la soya lililopondwa na kukaushwa, kitu kibaya kuliko vyote jikoni kwa sura, na bila hicho hakuna mchuzi wa maana.

Tae-ik alikuwa amemwandalia mama yake chumba kwake, ghorofa ya kumi na nne. Mbwa hakuwemo kwenye mpango huo. Alisema amepata shamba nje ya mji la kumpeleka. Mama akamuuliza kama ameliona hilo shamba. Hakuwa ameliona.

"Mama, huyo ni mbwa tu."

"Najua ni mbwa," alimjibu. "Ndiyo maana hawezi kujitafutia nyumba."

Basi tukaanza. Mwenye nyumba wa kwanza alikuwa ameniambia kwenye simu kwamba mbwa ruhusa. Kumbe alimaanisha wale wa kubebwa kwenye mkoba. Alipomwona Meju akarudi nyuma hatua mbili. "Huyo si mbwa, huyo ni ng'ombe," akasema.

"Angekuwa ng'ombe, mzee, ningekuletea na maziwa," Sun-rye akamjibu, akainama kumuaga.

Nyumba ya pili ilikuwa mpya, na langoni wamechora mbwa akitabasamu. Palikuwa hata na bomba la kuoshea miguu ya mbwa. Lakini udongo wote uliokuwa karibu ulikuwa ndani ya vyungu vya maua. Sun-rye aliingia kwenye lifti na Meju, akapanda na kushuka mara tatu, akitazama watu walivyojibana ukutani na kuzuia pumzi. Kisha akanishukuru, tukaondoka. Ya tatu ilikuwa chini ya mlima, miti tele, ila njia yenyewe ilipanda kama ngazi ya kuezekea paa, na magoti yake yakakataa.

Baada ya hapo akaacha kunifuata na kuanza kutafuta kwa njia yake. Basi halimpakii mbwa asiyetosha kwenye kikapu, kwa hiyo walikwenda kwa miguu. Kila asubuhi kabla ya kuanza kushona alichagua upande mmoja wa mji, akatembea na Meju saa nzima, akakaa kwenye benchi, akatazama. Jioni akipita ofisini kwangu alinipa taarifa: mtaa huu akina mama wanawavuta watoto, mtaa ule kuna majani lakini yamezungushiwa kamba, kule watu hawasalimiani hata wao kwa wao. Mimi nilitikisa kichwa na kuendelea na kazi zangu. Nilijua atachoka.

Wiki ya tatu akafika kwenye kijito cha Bulgwang. Kuna majani pande zote mbili za maji, korongo wanasimama kwa mguu mmoja, na wazee hufanya mazoezi ya mikono kwa redio ya mmoja wao. Alikaa pale mpaka akachelewesha kazi za watu.

"Wameniuliza jina lake," aliniambia. Alikuwa amekaa kitini siku hiyo, Meju amelala mlangoni, nami nilikuwa nimeacha kumfukuza. "Sehemu nyingine zote wananiuliza kama anauma."

Nikatafuta huko huko. Nikapata jengo la matofali la ghorofa nne, familia nane, chumba kimoja wazi kwenye ghorofa ya tatu. Mwenyewe, Mzee Cheon, mwalimu mstaafu, alisema hana neno iwapo wapangaji wote watakubali. Mimi nimezoea lugha ya wenye nyumba. Niliona amekataa kwa adabu.

Sun-rye aliyachukua maneno yake kama yalivyo. Kwetu mtu akishahamia hupeleka mikate ya mchele kwa majirani. Yeye aliipeleka kabla. Aliagiza iliyonyunyiziwa maharage mekundu, ikiwa bado ya moto, akagonga mlango baada ya mlango na Meju pembeni yake, nami nikiwa nyuma nimebeba sinia. Kila mlango alisema hayo hayo: mimi ni fulani, huyu ni Meju, tunaomba kuishi hapa, mtazameni vizuri kabla ya kujibu. Milango saba ilikubali. Mmoja hata akamleta bibi yake mgonjwa amshike sikio.

Mlango wa nane ulikuwa wa Bang Hye-in, mama wa binti mmoja wa miaka tisa, Sol. Mtoto alipomwona Meju alitoweka nyuma ya kabati la viatu. Sun-rye akanitupia kamba, na mimi, ambaye sikuwahi kushika mbwa, nikateremka naye mpaka chini; yaliyofuata Sun-rye alinisimulia baadaye. Hye-in akaeleza kwamba binti yake aliwahi kuumwa mkono na mbwa, miaka miwili nyuma. "Mama, sitaki kukuvunjia heshima," alisema. "Lakini mwanangu anatumia ngazi hizi."

Sun-rye akachuchumaa, akamuuliza mtoto aliye nyuma ya kabati: akimkuta Meju kwenye ngazi atafanyaje?

"Nitarudi ndani."

"Na shule je?"

Sun-rye akawaachia mikate yao, akawasihi waile ingali moto, akashuka.

Nje nilimwambia kwamba saba kwa nane si haba, kwamba Mzee Cheon anaweza kulainishwa, kwamba watoto husahau. Mwisho wa mwezi kilimani pangezungushiwa uzio, tayari kubomolewa. Tae-ik naye alikuwa amenipigia simu akiniomba nimshawishi mama yake, na sifichi, nilijaribu.

"Mtoto aogope ngazi za kwao ili mbwa wangu apate majani?" alisema. "Hapana, Bosi Yeom. Sikuomba ruhusa ili nipewe tu."

Nilikasirika. Niliona nimepoteza mwezi mzima kwa mtu mwenye kichwa cha jiwe.

Siku tisa baadaye Hye-in akanipigia. Alikuwa mjane, na shangazi wa marehemu mumewe, Bi Namgung, alikuwa na nyumba ng'ambo ya barabara, na sehemu ya chini ilikuwa ghala la magodoro la zamani, yenye mlango wake peke yake unaotokea njia ya kijito. Hakuwa amefikiria kupangisha. Hye-in ndiye aliyemwendea.

"Nimeishi hapa miaka sita," aliniambia. "Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza mwanangu anavyojisikia kwenye ngazi. Huyo mama nataka awe jirani yangu. Ila asiwe mlangoni kwangu."

Bi Namgung alitaka cherehani inyamaze kabla ya saa tatu usiku. Sun-rye naye akajiwekea sharti lake: asubuhi hatatoka na Meju mpaka Sol awe ameshapita kwenda shule.

Siku ya kuhama lori lilitangulia na vitu, wao wakatembea, zaidi ya saa nzima, nami nikatembea nao, bila kujua kwa nini. Tulipofika tulimkuta Tae-ik amekunja suruali, akisugua sakafu ya ghala kuondoa harufu ya ukungu. Aliuliza bakuli la mbwa likae upande gani.

Ni miaka minne sasa. Dirisha ni la chini na mwanga hautoshi, taa ya cherehani huwaka mchana kutwa. Sol hajawapenda mbwa, na anayekwambia vingine anakudanganya. Humsalimia Sun-rye akiwa upande wa pili wa barabara, kwa kuinama vizuri, kisha huendelea na safari yake. Na siku zipu ya koti lake inapoharibika humtuma mama yake. Meju ameanza kukakamaa miguu ya nyuma. Siku hizi hufika daraja la kwanza tu, akalala kwenye majani, na Sun-rye hukaa pale na sindano zake akipinda pindo za watu, mpaka mbwa aamue mwenyewe kwamba ni wakati wa kurudi nyumbani.