Karani Aliyeninyima Papa

Mnipongeze. Leo, katika ofisi moja hapa Joburg, nimeacha kuwa mtoto wa papa, marehemu baba yangu.

Nilikwenda kuomba cheti cha mrithi. Karani akanikazia macho: "Jina lako si la marehemu. Wewe si mwanawe."

Eish! Kwetu Kongo si lazima mtoto abebe jina la baba. Mimi nilipewa la bibi, mama mzazi wa papa huyo huyo.

Nikamweleza polepole, kama mwalimu wa chekechea.

Akafoka: "Dada, usinisumbue! Kamlete ndugu wa baba yako athibitishe!"

Nikauliza kwa adabu zote: "Baba yangu yupi tena, mheshimiwa?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Yeye akafunga dirisha, akaenda kunywa chai.

Kesho narudi na shangazi.

Nyinyi wenye majina ya baba zenu, mnajisikiaje kuwa watoto halisi?