Ndoto Iliyoota Mbawa

Mtaani wanamwita Fundi Rangi. Ukiona kibao cha kinyozi chenye kichwa kilichonyolewa vizuri kuliko vichwa vya wateja wenyewe, au jogoo kwenye ukuta wa duka la mayai anayeringa utadhani duka ni lake, ujue ni mkono wake. Ni mama mtu mzima, hajaolewa, maneno machache, na vidole vyake havijatakata tangu usichana.

Kazi hiyo aliianza mwaka aliochaguliwa kwenda chuo cha sanaa. Baba yao alifariki ghafla, na nyumbani kukabaki mama mgonjwa na mdogo wake wa kiume aliyekuwa bado ananyonya kidole. Akapiga moyo konde, akaazima brashi na kuandika kibao chake cha kwanza: VIATU VINASHONWA HAPA. Chuo hakukitaja tena. Mdogo mtu akasoma mpaka akawa mwalimu, kisha juu ya ualimu akajiongezea ushairi, maradhi yasiyo na dawa.

Ndiye aliyemletea dada yake wazo la katuni: filamu fupi ya watoto, shairi mwanzo mpaka mwisho, juu ya kuzifuata ndoto. Wanafunzi wake wangeitazama ukumbini siku ya kufunga shule, naye angelighani shairi lenyewe. Fundi Rangi alilisoma akiwa amekaa mlangoni, na alipofika mstari wa mwisho mwili ukamsisimka. "Na ndoto ya binti ikaota mbawa."

Akausoma tena. Machozi yakamlengalenga. Kumbe mdogo wake alijua! Miaka yote hiyo kimya, kumbe alijua, na sasa amemwandika dada yake.

Basi alichora kama mtu aliyepagawa. Alipaka rangi juu ya kioo cha dirisha alichokilaza mezani, akamchora binti kwa ncha ya kidole, na simu iliyofungwa juu yake ikapiga picha. Kisha akafuta mguu kwa kitambaa, akauchora umesogea kidogo, akapiga nyingine. Kila picha mpya iliifuta iliyotangulia. Mgongo ulimuuma, wenye vibao vyao wakanuna, naye hana habari.

Asubuhi ya siku iliyotangulia onyesho, Mwalimu akaja kutazama. Walikaa bega kwa bega, simu imeegemezwa kwenye kopo la rangi. Binti alipanda kilima akiikimbiza ndoto yake, ndege mdogo wa njano, na Mwalimu akawa anachekacheka peke yake kwa furaha. Ndege akatua kwenye kiganja cha binti. Akakunjua mbawa, akaruka, akawa nukta, na nukta ikapotea. Binti akabaki na kiganja kitupu, na filamu ikaisha.

Mwalimu alipigwa na butwaa.

"Dada! Mbona ndege ameondoka?"

"Si umeandika mwenyewe? Ndoto imeota mbawa."

"Imeota mbawa, yaani imepata nguvu! Wanapaa wote wawili!"

"Mali ya mtu ikiota mbawa, unampa hongera?"

Mwalimu akaurudia mstari wake polepole. Mshairi mzima, mstari ule ameughani mbele ya walimu wenzake wakampigia makofi, na wala hakusikia kile ambacho hata muuza mkaa angekisikia. Angekwenda kuwaambia watoto kwamba ndoto huyeyuka!

Lakini mshtuko wake ulikuwa mdogo ukiupima na wa dada yake. Fundi Rangi aliganda kwenye kiti. Kwa hiyo hakuandikwa yeye.

"Nilidhani umeniandika mimi," alisema.

"Wewe?" Mwalimu akageuka na kumkodolea macho, kwa mshangao wa kweli, bila ubaya hata chembe. "Kwani wewe dada ulikuwa na ndoto gani?"

Huyu ndiye mdogo aliyemlea yeye, akamlipia kila darasa kwa vibao vya viatu na mayai. Akatafuta hasira asiipate. Jambo lililomtisha zaidi ni kwamba hakuwahi kumwambia mtu yeyote, na wala hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Nilichaguliwa chuo cha sanaa," alisema. "Mwaka aliokufa baba."

Mwalimu alimtazama, akatazama meza, akatazama tena vile vidole, kana kwamba ndiyo kwanza anaviona.

Fundi Rangi alikuwa ameshavuta kitambaa. Akafuta kioo chote kikawa cheupe, akachovya kidole kwenye rangi ya njano.

"Watoto wa watu wasilie kwa ajili yangu. Nitauchora mwisho upya, waruke wote wawili." Kidole kikasimama juu ya kioo. "Ila kaa hapahapa, mdogo wangu, unielekeze. Hilo la kuruka na ndoto mimi sijawahi kuliona."