Vizibo Tisini na Kimoja

Mwalimu wangu wa hesabu wa darasa la tano alinipandisha juu ya dawati kwa sababu nilisema tisa ni namba tasa. Nilisimama pale kipindi kizima, mikono juu, wenzangu wakiniita kichwa maji. Sikumsamehe. Miaka ikapita, nikarudi Kilosa na cheti cha ualimu, nikapangiwa shule ileile, naye nikamkuta. Kila asubuhi nilimpa shikamoo yake, akaitika marahaba, na moyoni nikamwambia: ngoja.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imefungulia biashara. Kila mtu alikuwa na biashara yake, na ya mwalimu huyo ilikuwa tuisheni. Asubuhi aliandika ubaoni "Namba tasa", akapiga mstari chini yake, kisha akasema mengine jioni. Wasio na hela ya jioni walibaki na kichwa cha somo.

Hao nikawachukua mimi. Kwenye vibanda vya stesheni soda zilikuwa zimerudi kwa fujo, tukaokota vizibo hadi gunia likajaa. Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi: chota vizibo, vihesabu, vipange safu zinazolingana. Vikikubali kuwa mstatili, namba yako inagawanyika, umeliwa. Vikikataa kila namna, vikabaki mstari mmoja tu, umepata tasa, piga kelele. Walipiga kelele mpaka mwalimu akatoka ofisini.

"Binti, shule umeigeuza kilabu cha pombe?"

Walimu wenzetu walicheka. Na mimi nikacheka, meno tu.

Siku ya wazazi alisimamisha watoto wake wa tuisheni, wakaimba namba tasa mpaka mia. Themanini na tisa, tisini na moja, tisini na saba. Yeye anatikisa kichwa, ameridhika. Jamani, nilisikia raha!

"Samahani, mwalimu," nikasema. "Tisini na moja una hakika nayo?"

"Nilianza kufundisha hesabu hujaota meno."

Nikamwita msichana mmoja, mtoto wa wafugaji wa upande wa Msowero, ambaye tuisheni alikuwa akiisikia tu. Alimwaga vizibo mbele ya meza ya wageni, akavipanga bila haraka. Safu saba, kila safu vizibo kumi na vitatu. Wazazi waliinuka kutazama. Mama mmoja akahesabu kwa kidole, akarudia, kisha akauliza kwa sauti:

"Kumbe jioni tunalipia nini?"

Kesho yake mwalimu alinifuata. "Mwanangu," akasema, yeye ambaye hajawahi kuniita hivyo, "ule mchezo nionyeshe, niwafundishe wale wa jioni."

"Hamna shida, mwalimu," nikamjibu kwa adabu zote. "Waambie waje kwangu, uani nyuma ya darasa lako. Sitozi."

Walikuja wote. Kupitia dirisha nilimwona mwalimu amekaa peke yake darasani, chaki mkononi. Nikawaambia watoto wapige kelele zaidi.