Kompyuta ya Mahari

Shangazi Sumeiya alipoingia chumbani na kuusukuma mlango kwa kisigino ufungike, Zeina alijua amekuja na lile swali ambalo msichana wa Malindi huomba aulizwe mara moja tu maishani.

"Watu wa Muyeye wameleta neno," shangazi alisema, akajiketisha kitandani juu ya rundo la sare za shule zilizokuwa zikingoja vifungo. "Baba yako amekubali. Sasa umebaki wewe. Mahari wataka nini?"

"Kompyuta," alijibu Zeina.

"Ya kazi?"

"Ya kuchezea gemu."

Shangazi alimtazama kama mtu aliyeagiza biriani akaletewa ndimu peke yake.

"Zeina, mimi mahari yangu ilikuwa bangili nne za dhahabu, na mpaka leo nikizivaa watu hunyamaza. Sasa niende nikawaambie wanaume wale, wamekaa na kofia zao na kanzu zimepigwa pasi, kwamba mtoto wetu ataka gemu?"

"Mahari ni ya nani, shangazi?"

"Ni yako."

"Basi."

Katika bandari nyingi za dunia hii bi harusi hupewa vitu bila kuulizwa. Hupewa sahani, hupewa mashuka, kwengine hata friji, na kila anayempa humkumbusha ashukuru. Waswahili wana adabu moja ambayo wengi wangefaa kuiazima: mwanamke huulizwa. Na akishataja, kilichotajwa huwa chake, si cha baba wala cha mume.

Zeina alikuwa mshonaji, umri miaka ishirini na sita, na chumba chake cha kazi kilikuwa Shela, kando ya msikiti. Nusu ya watoto wa mji walikwenda shule wakiwa ndani ya mishono yake. Lakini kabla ya kujua sindano alijua kitu kingine. Alipokuwa mdogo, kaka yake Abubakr alipenda kwenda Muyeye kwenye chumba cha michezo, mahali pa mabati palipokuwa na televisheni tatu na viti vya kreti za soda, naye Zeina alimfuata nyuma kama mkia. Sheria ya mahali pale ilikuwa nyepesi: anayeshindwa huinuka na kulipa, anayeshinda hubaki. Zeina alibaki. Kwa shilingi kumi za kaka yake alikuwa akikaa alasiri nzima, na wavulana wakipanga foleni kuja kufungwa. Mmoja wao, kijana mwembamba aitwaye Faris, alifungwa mabao saba siku ya kwanza, na kesho yake akarudi kwa hiari yake.

Kisha Zeina akakua. Hakuna aliyemgombeza. Shangazi alisema tu kwamba pale si mahali pa mwari, na mlango ukafungwa polepole, kwa upole. Tangu hapo alicheza kwenye simu iliyopata moto kama chuma cha chapati, akiitazama dunia kubwa kupitia tundu la ufunguo. Kwa hivyo alipotaja kompyuta hakuwa akitaka pambo. Alitaka mlango ule ufunguliwe tena, na safari hii uwe wa nyumba yake mwenyewe.

Maalimu aliyengojwa kufungisha ndoa alipopelekewa habari alicheka mpaka akavua miwani. "Ni halali? Ina thamani? Basi ni mahari," alisema. "Ila ielezwe vizuri, asije mtoto wa watu akaletewa kikokotoo."

Shangazi Sumeiya akakubali nusu. Nusu nyingine aliifungia sharti. Mahari ya vitu huletwa siku ya hina, na hufunguliwa mbele ya wanawake, kila kitu kikiinuliwa juu na kupigiwa vigelegele. "Iwe mpya, na ing'ae," alimwambia Faris, mposaji mwenyewe, kwenye simu, sauti ikisikika mpaka kwa jirani. "Itoke kwenye karatasi yake ya dukani. Siwezi kuinua mtumba mbele ya wanawake wa Shela. Mmenisikia huko Muyeye?"

"Naam, shangazi."

"Kwa sababu ikiwa mtumba, nairudisha. Wallahi nairudisha."

"Naam, shangazi."

Faris alikuwa dereva wa tuktuk, na kwa kuamini kwamba kila mwanamke hutaka bangili alikuwa ameweka akiba ya shilingi elfu themanini. Zeina alilijua hilo, akaapa moyoni kwamba hataomba hata moja zaidi.

Duka lilikuwa Kilifi, nyuma ya soko, la fundi aitwaye Oliver Kombe. Walikwenda watatu, kwa kuwa wachumba wawili hawaachwi peke yao. Abubakr ndiye aliyekuwa mlinzi wa heshima, na hata soda haijafunguliwa alikuwa amelala kitini, mdomo wazi.

Faris aliiona ile kompyuta tangu mlangoni. Kasha lake lilikuwa la kioo, na ndani feni tano zilizunguka zikitoa taa nyekundu, kijani na samawati.

"Hiyo," alisema. "Hiyo hapo. Shangazi ataimba."

"Ni mpya, iko na waranti, na ni elfu themanini kamili," Oliver alisema. "Kama nilijua mnakuja na ngapi."

Zeina aliinama akachungulia ndani ya kioo. "Na kadi ya picha iko wapi?"

Oliver alijikuna shingo. "Hiyo haina, dada. Picha inatoka kwa prosesa yenyewe. Gemu ndogondogo itacheza. Kubwa... itajaribu."

"Yaani pesa zote zimeingia kwenye nguo."

"Ukisema hivyo."

"Na ukiniuzia mwili bila nguo?"

Fundi alicheka, akaingia stoo, akarudi na kasha jeusi la ofisini, refu, halina urembo, kama debe la mafuta ya taa lililopakwa rangi. Lilikuwa limetoka Ulaya pamoja na wenzake ndani ya kontena. "Hii ni mtumba," alisema, "lakini prosesa yake ni nzuri kuliko ya ile bibi harusi ya pale. Na bei yake haifiki hata nusu. Zinazobaki tunaziweka kwa kadi."

Hapo ndipo Zeina alipovua miwani ya jua na kuanza kazi. Alichagua kama anavyochagua kitambaa sokoni, kwa kukivuta, kukinusa na kukitilia shaka. Kadi ya kwanza aliyoletewa ilikuwa kubwa na rahisi. Aliigeuza mbele ya dirisha akaona skrubu zake zina kutu, na kwenye shaba pameota ukungu wa kijani.

"Hii ilikuwa kwenye nyumba ya ufukweni," alisema.

"Ilikuwa ya mzungu mmoja, ndiyo. Alikuwa anaacha madirisha wazi."

"Imekula chumvi miaka. Hiyo itakufa kabla sijamaliza fungate. Lete nyingine."

Nyingine ilikuwa ndogo zaidi, ya kijana wa Mariakani aliyenunua kubwa kuliko hiyo, na skrubu zake zilikuwa safi. Zeina alitaka ijaribiwe papo hapo, wakakaa wakiitazama ikikimbiza picha mpaka feni yake ikavuma, naye akaweka kiganja juu yake kama mtu anayempima mtoto homa. Haikukwama, wala haikuzidi moto.

Memori alitaka ya kutosha, hata kama ni ya mtumba, kwa sababu memori haina cha kuchakaa. Diski akataka ile ya kasi, ndogo tu. Lakini Oliver alipotoa pawa saplai iliyotumika, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, Zeina alitikisa kichwa.

"Hicho hapana. Hicho kiwe kipya, na kizuri. Umeme wetu Shela waujua? Unakuja kama mgeni wa njaa na kuondoka kama mwizi. Umeshaniunguzia mota ya cherehani."

"Dada, ukichukua hiyo mpya, pesa ya kasha nzuri inaisha."

"Iishe."

Faris alikuwa amebaki upande wa pili wa duka. Alikuwa akiitazama ile yenye taa kama mtu anayeagana na ndugu bandarini. "Zeina," alisema hatimaye, "mimi nakuelewa. Lakini shangazi yako ameapa. Ikirudishwa mbele ya watu, Muyeye nzima itasema Faris ameoa kwa mtumba. Abiria watanicheka mpaka wasahau kulipa."

"Wewe wataka nicheze au niitazame?"

"Nataka ucheze. Mimi si ndiye uliyenifunga saba?"

"Basi shangazi niachie mimi. Nitamweleza kabla ya siku."

Na Faris akalipa.

Kuahidi kulikuwa rahisi, kueleza kukawa kazi. Jumatatu shangazi alikuwa na kichwa, Jumanne alikuwa na wapishi. Jumatano alikuwa na furaha, na Zeina hakutaka kuiharibu. Siku ya hina ikafika, naye hajasema.

Sebule ilijaa wanawake, udi na kelele. Bi harusi alikaa juu ya mto, mikono na miguu imetandazwa mbele yake, hina mbichi imechorwa mpaka viwiko. Adabu ya siku ile ni moja: bi harusi huinamisha macho na hasemi. Wengine husema kwa niaba yake. Dada zake Faris wakaingia wakiimba, wamebeba boksi lililofungwa karatasi ya dhahabu na utepe, na Shangazi Sumeiya akalipokea kwa mikono miwili.

"Ina uzito!" alitangaza, na vigelegele vikapasuka. "Mahari ya uzito, wanawake!"

Akachana karatasi. Kasha jeusi likatokea, limepanguswa mpaka likang'aa kidogo. Oliver alikuwa ameondoa alama zote za mbele na za ubavuni. Shangazi akaliinua juu ili walioko nyuma waone, na alipoliinua, tumbo la kasha likawa mbele ya macho yake. Huko chini kulikuwa na karatasi ndogo ya gundi ambayo hakuna aliyeikumbuka.

Katika mji mwengine wowote wa pwani hiyo karatasi isingedhuru. Lakini hapa ni Malindi, na Shangazi Sumeiya alikuwa amesimamia mashuka ya hoteli ya Wataliano kwa miaka ishirini. Kitaliano alikisoma kama anavyosoma pakiti ya chumvi.

"Ufficio Tributi," alisoma taratibu. "Piano terra." Akalishusha kasha. Sauti yake ilikuwa imepoa. "Mwajua hii imetoka wapi? Imetoka ofisi ya kodi, huko Italia, ghorofa ya chini. Mamma mia! Mtoto wangu ameletewa mahari iliyokuwa ikidai watu kodi!"

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Dada zake Faris wakatazama mkeka.

"Fungeni," shangazi alisema. "Irudi Muyeye. Akdi ni kesho, wana usiku mzima wa kutafuta jipya."

"Hairudi," alisema bi harusi.

Chumba kizima kikageuka. Hata aliyekuwa akigawa kahawa alisimama na birika hewani.

"Shangazi, nisamehe. Faris alitaka ile mpya yenye taa, kwa ajili yako. Mimi ndiye niliyeikataa. Nikaahidi kukwambia, nikaogopa."

"Ukaogopa mimi, ukaona afadhali uniaibishe mbele ya watu?"

"Nilikosea. Lakini ile yenye taa ungeitazama leo peke yake. Mimi ningekaa nayo miaka, na haichezi." Zeina aliinua macho kabisa. "Mahari ni yangu, nami nimeridhika."

Shangazi akalitazama kasha. Neno lile la mwisho lina nguvu ya sheria, na kila mwanamke pale alilijua. Lakini Shangazi naye alikuwa ameapa, tena kwa Mungu.

"Yafanya nini hasa, hiyo?" aliuliza bibi mmoja kutoka pembeni.

"Ehee," wengine wakaitikia. "Tuione!"

"Haya," Shangazi alisema. "Iwasheni. Ikifanya kazi, nitafunga siku tatu kulipia kiapo changu na nitanyamaza. Ikishindwa, inakwenda. Zeina, iwashe."

Zeina akainua mikono yake miwili, hina ikimeta kama tope la mvua. "Kwa mikono gani?"

Kicheko kikaenea. Wasichana wakaunganisha nyaya kwenye televisheni ya sebuleni kwa kuelekezwa, na ilipobaki nafasi ya mchezaji, hakuna aliyethubutu kukaa, kwa hivyo Shangazi Sumeiya akaketi mwenyewe, akavaa miwani, akashika kidude cha kuchezea kilichokuja pamoja na kasha, kama anayeshika kaa hai.

Kioo cha televisheni kikawaka, na gemu likafunguka. Palikuwa na barabara ya pwani, bahari upande mmoja na milima upande wa pili, na lori kubwa jekundu likingoja amri. Picha ilikuwa safi, majani yalitikisika. Wanawake wakasogea mbele.

"Kidole cha kulia, shangazi. Bonyeza polepole."

Lori likaruka kama mbuzi. Wanawake wakapiga kelele.

"Kata kona! Kata!"

"Nakata! Linakataa!"

"Umekata ya Lamu, kata ya Mombasa!"

Lori likaingia shamba la mizabibu, likatoka upande wa pili likiburuta uzio wa mtu. Shangazi alikuwa amesimama sasa, anapinda mwili mzima kila panapopinda barabara. Kibao cha buluu cha Kitaliano kikapita juu, akakisoma kabla ya yeyote. "Uscita! Hapa ni pa kutokea. Subirini, naijua hii njia, yaenda Jenova, wageni wangu wote walikuwa wakitoka huku!" Picha haikukwama hata mara moja. Feni ilivuma taratibu chini ya meza, kama mtu aliyezoea kazi ya ofisi.

Aliposimamisha lori kwenye taa nyekundu, ya kwanza kuitii tangu aanze, aligeuza kichwa nusu kwa dada zake Faris.

"Mpigieni simu ndugu yenu," alisema. "Mwambieni mahari imefika, na imepokewa. Na mwambieni ana bahati mkewe anajua kuchagua." Akatulia kidogo. "Tena mwambieni alete kidude cha pili."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilimwamsha Abubakr aliyekuwa amelala barazani.

Hina ikakauka. Wakamkwangua Zeina, wakampaka mafuta, na rangi ikawa imekolea vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Akanyanyuka, akapita kwenye magoti ya wageni, akasimama nyuma ya kiti.

"Shangazi, nipishe sasa. Ni mahari yangu."

"Yako, mwanangu, nani amekataa?" Shangazi Sumeiya alisema bila kugeuka. "Ngoja kwanza nifike Jenova."