Zizi la Jua

Mganga wetu wa mvua pale Ihumwa, mwaka ule Wajerumani walipoleta reli, hakulitazama jua kama watu wengine. Alikuwa akichuchumaa mlangoni mwa tembe yake, anakunja ngumi mpaka inabaki tundu dogo, anachungulia humo hadi machozi yanamwagika ndevuni. Kisha anajifuta kwa mkono unaonuka mafuta ya nyonyo na kusema polepole, kama anayemtuliza ndama, "Jua limejenga zizi. Pandeni." Nani angembishia?

Siku ile nilikwenda kwake na kibuyu cha uwele, mbegu yangu ya mwisho, maana nyingine askari walikwisha kuibeba. Nikiipanda na mvua isije, wanangu hawali. Mwenyewe nililiona zizi hilo la mvua, duara kubwa limelizunguka jua, na pembeni vijua viwili vinang'aa. Nikampa kibuyu, nikangoja aseme kama nipande. Akachungulia muda mrefu, halafu akaninong'oneza, "Mwanangu, na wewe unaliona zizi?"

"Naliona, baba. Tena lina majua mengine ubavuni."

"Hayo siyaoni. Zizi naliona kila siku, hata kwenye moto wa jikoni. Sijui tena lipi liko juu na lipi liko machoni mwangu."

Akanirudishia kibuyu, akaendelea kukunja ngumi yake. Njiani mke mwenzangu alikuwa akinisubiri na jembe begani. "Haya, amesemaje?"

"Ameniuliza mimi," nikamjibu. Nikatazama juu tena, sikuelewa kitu, nikampokonya jembe, nikashika njia ya shamba.