Firigisi ya Kiilu

Tangu mumewe Kiilu azikwe, mwaka na miezi miwili sasa, Kathini hajafunga geti. Hulirudisha tu likaegemea, kama mtu anayengoja mwenzake aliyetoka mara moja kwenda sokoni Kabati. Majirani wa Matinyani walishazoea, wakaacha kuuliza.

Aliyemzuia kufunga ni bata mzinga. Kiilu alimlea yule dume tangu kifaranga, na kila jioni akitoka shambani alikohoa pale getini, kikohozi kimoja kikavu, naye bata akamjibu kwa ile sauti yake kama maji yanayotoka kwa jerikani. Kiilu akafa. Bata hakuambiwa. Kila siku saa kumi na moja na nusu aligeuza shingo, akaangalia geti, akajibu. Amemjibu nani? Kathini hakusikia kitu, lakini aliinuka, akapakua sahani ya pili, akaifunika, akaiweka upande wa bwana yake. Ya kwake aliichokora tu. Nguo zikaanza kumning'inia.

Mwezi huu akaanguka kanisani katikati ya maombi. Daktari akampima presha, akamwambia apunguze chumvi, aache vya kukaanga, ale nyama nyeupe, tena ale ashibe.

"Ukiendelea hivi, mama, Krismasi hatutakuwa na wewe."

Ndipo binti yake Mwongeli, anayepika hotelini kule Mbumbuni, akaja Jumamosi na mashine ya kusagia nyama ndani ya mkoba.

"Huyo bata anaenda leo," akasema.

"Ni wa baba yako."

"Baba hana meno ya kumla, mwaitu, mama yangu. Wewe bado unayo."

Kathini hakukubali, hakukataa. Kwa kuwa mchinjaji wa boma hilo alikuwa Kiilu peke yake, Mwongeli akamwita jirani, Abukar muuza mbuzi. Abukar akamkamata bata kwa mabawa, akayumba naye.

"Mama Mwongeli, huyu umemlisha saruji?"

"Alikuwa anakula na mzee."

Abukar akaacha kucheka, akaomba kisu.

Mwongeli akatoa ngozi na mafuta yote, akasaga nyama, akachanganya na karoti iliyokunwa, kitunguu, dania, yai moja, na unga kidogo wa mtama. Akafinyanga madonge kumi na manane. Jiko la kuokea hawana, kwa hiyo alimwaga mchanga wa mto ndani ya sufuria kubwa, akaweka sinia juu ya mchanga, akafunika, akapanga makaa juu ya kifuniko.

"Mafuta?" Kathini akauliza.

"Kijiko kimoja. Cha kupaka sinia."

"Basi hiyo si nyama, ni dawa."

"Ndiyo, ni dawa. Utakunywa."

Kathini karibu atabasamu. Kisha akakumbuka. "Firigisi umeiweka wapi?"

Firigisi ni ya mwenye nyumba, mwanamke haionji. Hata baada ya mazishi, kila kuku aliyechinjwa hapo, firigisi yake ilienda kwenye ile sahani iliyofunikwa, na asubuhi Kathini akaifukia nyuma ya nyumba.

Mwongeli akasimama, mikono imejaa unga. "Nimeisaga."

"Umeisaga."

"Ilikuwa ya mwisho. Mashine ikakwama, ikaitoa vipandevipande. Iko ndani ya donge moja, mama. Mazoea ya hoteli. Sikufikiria."

"Donge gani?"

Mwongeli akaangalia sufuria. Yote yalifanana.

Saa kumi na moja yakaiva, harufu ikajaa nyumba. Kathini akapakua sahani mbili. Ya Kiilu aliichagulia muda mrefu, akaweka manne yaliyokuwa makubwa, akaifunika. Yake, manne pia. Nje kibanda cha bata kilikuwa kitupu, na ule ukimya wake ulikuwa mzito masikioni.

Donge la kwanza likashuka. La pili pia, na hapo akajua alivyokuwa na njaa. La tatu meno yakagonga kitu kigumu, kinachoteleza. Miaka sitini na mitatu hajawahi kuionja, lakini alijua. Taya likasimama. Ateme? Kutema chakula cha mzee, sakafuni kwake, mbele ya kiti chake? Ameze, halafu mwenye nyumba awe nani?

Getini mtu akakohoa. Mara moja. Kikavu.

Akamtazama Mwongeli. Mwongeli alikuwa akipuliza donge lake, hana habari. Kibandani hakuna aliyejibu, na hicho kikohozi kilikuwa kinangoja jibu.

Kathini akatafuna. Ilichukua muda. Akameza.

"Nimekula," akasema, macho mlangoni.

"Umesema nini, mama?"

Kathini akavuta sahani ya Kiilu, akaifunua, akaisukuma kwa binti yake. "Kula haya. Ya baba yako nimeshakula mimi."

Akatoka hadi getini. Njiani hakukuwa na mtu, ila vumbi lilikuwa linatua taratibu, kama limetibuliwa sasa hivi. Akalisukuma geti mpaka mwisho, akapitisha komeo. Chuma kilikuwa na joto, pale hasa mkono unaposhika.

Ni jua la mchana, akajiambia. Akarudi ndani kumaliza donge la nne.