Kofia ya Kondoo Mwekundu

Mvua imenyesha hapa Kimbo, na harufu ya kondoo wa jirani waliolowa imenikuta nikikunja nguo za baba.

Nilipokuwa mdogo, kondoo wetu alikuwa mwekundu, wa kuchinjwa, na manyoya yake mafupi hakuna aliyeyataka. Mimi niliyachomoa kwenye seng'enge alikojikuna. Cucu, mama yake baba, alinifundisha kuyasokota juu ya paja, kama uzi wa kikapu cha kiondo. Yalikatika kila mara, nami nikayaunga kwa kuyasokota upya, bila fundo.

“Tia majivu mkononi, ama utasokota hewa,” alinicheka.

Nilifuma kofia kwa spoki za baiskeli, iwe zawadi kwa baba. Yeye alihudumia mashine za uzi kule Thika, uzi mweupe, laini, na niliogopa angeicheka yangu.

Aliivaa. “Uui, inawasha!”

“Basi ivue, baba.”

“Nani amesema naivua?”

Asubuhi alienda nayo kazini. Jioni alirudi nayo kichwani, paji la uso limewiva kwa kuwashwa. Wenzake walikuwa wameigeuza ndani nje wakitafuta mafundo, wasione hata moja.

“Wameniuliza ni mashine gani,” alimwambia cucu. “Nikawaambia inalala kwangu, na bado haijaota meno ya mbele.”